Dawa ya kuyeyusha donge la damu kwa mgonjwa wa mshtuko wa moyo: tuitoeje kwa usalama tukiwa mbali na mtambo wa kuzibua mishipa?

Swali: Tabibu wa Kusini

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu ya kila siku. Mimi ni daktari katika hospitali ya mkoa kusini mwa Tanzania, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, na ninaomba ushauri wenu kuhusu jambo linalotutatiza tangu famasia yetu ilipopokea vichupa vichache vya tenekteplazi, dawa ya kuyeyusha donge la damu lililoziba mshipa wa moyo. Vichupa hivyo viko kabatini na hakuna aliyethubutu kukifungua hata kimoja. Kila anapoletwa mgonjwa wa mshtuko wa moyo tunampa aspirini na klopidogreli, tunamchoma heparini, zote za kuzuia damu isigande zaidi, kisha tunamwandikia rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Ndugu huhangaikia fedha, gari la wagonjwa hutafutiwa mafuta, na mgonjwa hufika huko wakati wa kuuokoa msuli wa moyo umekwisha pita. Katika masika hata barabara yenyewe si ya kutegemea, kama ilivyodhihirika Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikata eneo la Somanga.

Kinachotuzuia ni hofu ya kumsababishia mgonjwa kuvuja damu kwenye ubongo. Usiku hatupati CT-Scan, hatuna daktari bingwa wa moyo, na wagonjwa wetu wengi wana shinikizo la juu la damu ambalo halijawahi kutibiwa ipasavyo. Naomba kuelezwa ni mgonjwa yupi hasa anayestahili dawa hii, ni yupi asiyestahili kabisa, na tufanye nini kabla, wakati na baada ya kuitoa ili hatari yake iwe ndogo kadiri inavyowezekana.

Jibu: Bingwa wa Moyo, Dar es Salaam

Daktari, ahsante kwa kulileta swali hili wazi, kwa sababu hospitali nyingi zina kabati kama lenu na hazisemi.

Naomba tuanze na hesabu. Jaribio la GISSI lililofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 1986, likihusisha wagonjwa zaidi ya 11,000, lilionyesha kuwa streptokinazi, dawa ya zamani ya kuyeyusha donge, ilishusha vifo vya siku 21 za mwanzo kutoka asilimia 13 hadi 10.7. Miaka miwili baadaye ISIS-2, lenye wagonjwa 17,187, lilionyesha kuwa streptokinazi ikiunganishwa na aspirini hushusha vifo vya wiki tano kutoka asilimia 13.2 hadi 8. Majaribio makubwa tisa yalipojumlishwa mwaka 1994, ilionekana kwamba katika kila wagonjwa 1,000 wanaotibiwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, takriban 30 huokolewa na kifo, na kati ya saa 7 na 12 huokolewa kama 20. Upande wa pili wa mizani, wagonjwa wapatao 4 katika 1,000 walipata kiharusi ambacho wasingekipata, kwa kawaida katika siku ya kwanza, na wale waliokufa kwa kiharusi hicho wamekwisha kutolewa katika faida niliyoitaja. Kwa hiyo mgonjwa anayestahili dawa akanyimwa, hakuepushwa na hatari. Ameachwa katika hatari iliyo kubwa zaidi, ila haionekani kwa sababu hakuna sindano ya kulaumiwa.

Anayestahili ni mgonjwa mwenye maumivu ya kifua, au dalili zinazolingana nayo, yaliyoanza ndani ya saa 12 zilizopita, ambaye ECG yake (mchoro wa umeme wa moyo) inaonyesha mstari wa ST (sehemu ya mchoro inayofuata wimbi la pigo) umepanda katika lidi (pembe ambazo mashine huutazamia moyo) mbili au zaidi zinazopakana, na ambaye hawezi kufikishwa kwenye mtambo wa kuzibua mishipa na kuzibuliwa ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe. Kwa hospitali yenu sharti hilo la mwisho linatimia kila mara. ECG ipigwe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, na baada ya uamuzi dawa iingie mwilini ndani ya dakika 10 nyingine, au kwa vyovyote isizidi nusu saa. Msisubiri troponini, kipimo cha damu cha kuumia kwa msuli wa moyo. Katika saa za mwanzo inaweza kuwa ya kawaida hata kama mshipa umeziba kabisa. Na kinyume chake pia ni muhimu: mgonjwa mwenye troponini iliyopanda lakini mstari wa ST haukupanda, au umeshuka tu, asipewe dawa hii, kwani majaribio hayo hayo hayakuonyesha kuwa inamsaidia, na hatari ya kuvuja damu inabaki pale pale.

Hapa kwenye kuisoma ECG ndipo ninapotaka mkae muda mrefu, kwa sababu usalama unapotea zaidi hapa kuliko kwenye sindano. Vijana wengi wa kiume wenye asili ya Afrika wana mstari wa ST uliopanda kidogo katika lidi za kifuani wakiwa wazima kabisa. Mgonjwa ambaye kuta za moyo wake zimekuwa nene kwa shinikizo la damu la miaka mingi naye huonyesha ST iliyopanda katika lidi za kifuani V1 hadi V3. Tena tuna kifua kikuu kinachoshambulia utando wa moyo, hasa kwa wanaoishi na VVU, na ECG yao inaweza kuonyesha ST iliyopanda karibu kila mahali. Kumpa mtu huyo dawa ya kuyeyusha damu ni kumkaribishia damu ijae ndani ya utando na kuukaba moyo. Kinachosaidia kutofautisha ni kuangalia kama kuna lidi za upande wa pili ambazo ST imeshuka, kama maumivu yanaendana na picha, na kama picha inabadilika. Mkiwa na shaka, rudieni ECG kila baada ya dakika 10 au 15. Mshtuko wa moyo hubadilika mbele ya macho yenu, umbile la kuzaliwa nalo halibadiliki. Pigeni picha iliyo wazi, karatasi ikiwa imenyooshwa juu ya meza, mwitumie kwa simu bingwa mliyekubaliana naye tangu awali; kuanza kutafuta namba ya mtu saa nane usiku ni kuchelewa.

Vizuizi vya moja kwa moja ni hivi. Mgonjwa aliyewahi kuvuja damu ndani ya ubongo wakati wowote wa maisha yake, au kupata kiharusi ambacho aina yake haikujulikana, asipewe. Hali kadhalika aliyepata kiharusi cha mshipa kuziba katika miezi 6 iliyopita, mwenye uvimbe au mishipa iliyozaliwa vibaya ndani ya ubongo, aliyeumia kichwa, kupata ajali kubwa au kufanyiwa upasuaji mkubwa ndani ya mwezi mmoja, aliyetokwa na damu tumboni katika muda huo huo, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, aliyechomwa sindano ya uti wa mgongo au kutolewa kipande cha ini ndani ya saa 24, na yule ambaye mnashuku kwamba ukuta wa mshipa mkuu wa aota umechanika. Kwa huyo wa mwisho ulizeni kama maumivu yalianza ghafla kwa ukali wake wote na kukimbilia mgongoni, pimeni shinikizo mikono yote miwili, na kama kuna tofauti kubwa au mapigo ya upande mmoja ni hafifu, pigeni picha ya kifua kwanza.

Yapo mambo ya kupima kwa busara bila kukataa papo hapo: anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mjamzito au aliyejifungua ndani ya wiki moja, mwenye ugonjwa mkubwa wa ini, aliyekandamizwa kifua kwa muda mrefu kumrudisha uhai, mwenye kidonda cha tumbo kinachosumbua sasa. Kuhusu hicho cha mwisho, kuweni makini sana, kwa maana huku kwetu kila anayeumwa chembe cha moyo hujitambulisha kuwa ana vidonda vya tumbo, na wengine ni mshtuko wa moyo wenyewe unaoumia hapo. Msiishie kwenye jina la ugonjwa alilojipa. Ulizeni kama aliwahi kutapika damu, kama alipata choo cheusi kama lami, na lini. Asiyekuwa na hayo hazuiliki. Mwanamke aliye katika hedhi naye hazuiliki.

CT-Scan haihitajiki kabla ya kutoa dawa kwa mshtuko wa moyo kama mgonjwa hana dalili za ubongo: hajapooza upande, hajachanganyikiwa, hana maumivu mapya makali ya kichwa. Kwa hiyo kukosa CT usiku kusiwe sababu ya kuacha.

Shinikizo la damu likiwa zaidi ya 180/110 lishusheni kwanza, mkimtuliza pia maumivu kwa mofini kidogo kidogo, maana maumivu yenyewe hulipandisha. Labetaloli ya mshipa inafaa kama moyo haujalemewa na mapigo hayako chini. Nitrogliserini inafaa pia, isipokuwa kama shinikizo liko chini, kama upande wa kulia wa moyo umehusika, au kama mgonjwa ametumia dawa za nguvu za kiume ndani ya siku moja au mbili, na hilo aulizwe faraghani ili aseme kweli. Hidralazini iliyo tele katika wodi ya wazazi si chaguo zuri hapa, kwa sababu huuharakisha moyo ambao tayari umekosa damu. Likishuka likatulia, toeni dawa. Lisiposhuka kabisa, zungumzeni na bingwa.

Jibu: Muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, Mombasa

Daktari, shikamoo, na ahsante kwa maelezo hayo. Naongeza upande wa kitandani, kwa sababu dawa huamriwa na daktari lakini mkono unaoisukuma na macho yanayokesha ni ya muuguzi.

Kabla ya dawa, mgonjwa awekwe njia mbili za mshipa, zote mikononi, na damu zote za vipimo zichukuliwe wakati huo huo, ikiwemo ya kupima kundi la damu na wingi wake. Kama anahitaji mpira wa mkojo au wa puani, iamuliwe sasa, kwa sababu baada ya dawa kuingia hatutaki kumtia mpira wowote wala kumchoma mahali pasipoweza kukandamizwa. Sindano za msuli ziachwe kabisa. Ulizeni pia kama amekwisha kuchomwa moja kabla ya kufika, maana wagonjwa wengi hupitia zahanati au duka la dawa na kuchomwa diklofenaki ya makalio kwa ajili ya kile kinachoitwa kichomi. Haimzuii kupata matibabu, lakini pale pachunguzwe mara kwa mara kama panavimba.

Huku pwani kuna swali jingine ambalo halimo katika fomu zilizoandikwa ng'ambo: je, ameumikwa? Mtu mwenye maumivu ya kifua au mgongo akipigwa chuku na kuchanjwa asubuhi, kisha jioni akaletwa hospitali, ana majeraha madogo mengi ambayo yatatoka damu baada ya dawa. Majeraha hayo yako juu ya ngozi na yanaweza kubanwa kwa bandeji, kwa hiyo si sababu ya kumnyima, ila ni vyema kujua mapema kuliko kushtuka shuka likiwa limelowa. Mfunueni mgongo mtazame. Wengine huona haya kusema, na ndugu hukana mbele ya daktari.

Mashine ya kushtua moyo iwe pembeni ya kitanda, imejaribiwa, na vibandiko viwe tayari. Mshipa unapofunguka, moyo unaweza kubadili mwendo ghafla. Mwendo wenye mawimbi mapana kwenye mashine lakini usio wa kasi mara nyingi ni dalili kwamba damu imeanza kupita, unapita wenyewe na hauhitaji dawa mgonjwa akiwa na shinikizo zuri. Lakini moyo ukianza kutetemeka bila mapigo, anashtuliwa papo hapo, hakuna kusubiri kuitwa mtu.

Baada ya sindano tunampima shinikizo, mapigo na hali ya fahamu kila dakika 15 kwa saa 2 za mwanzo, kisha kila nusu saa kwa saa 6, na kila saa mpaka siku iishe. Katika kila kipimo tunamwomba aseme jina lake, anyanyue mikono yote miwili na atabasamu. Maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, kutapika, kusinzia kusikoeleweka, kuchanganyikiwa, mkono kulegea, au shinikizo kuruka juu bila sababu, yote hayo yahesabiwe kuwa ni damu inavuja kwenye ubongo mpaka ithibitike vinginevyo. Heparini isimamishwe hapo hapo, daktari aitwe, na safari ya CT ianze. Ufizi kutoka damu kidogo, au pale palipotobolewa sindano, ni jambo la kukandamiza kwa kidole dakika kadhaa, wala si la kumtia mtu hofu akaacha matibabu. Shimo la sindano likiendelea kutoka damu, andikeni saa lilipoanza na wingi wa damu, mtu wa zamu inayofuata apate pa kulinganishia.

Jibu: Mfamasia, Mwanza

Nitajibu upande wa dawa yenyewe, na naomba daktari aliyeuliza akisome kisanduku alichonacho kabla ya siku ya kukihitaji, si siku hiyo.

Tenekteplazi hutolewa mara moja tu, kwa kusukumwa mshipani kwa sekunde 5, na dozi yake hufuata uzito: aliye chini ya kilo 60 hupata miligramu 30, wa kilo 60 hadi 69 hupata 35, wa 70 hadi 79 hupata 40, wa 80 hadi 89 hupata 45, na mwenye kilo 90 au zaidi hupata 50, wala haizidi hapo. Mwenye umri wa miaka 75 na kuendelea apewe nusu ya dozi ya uzito wake. Mabadiliko hayo yalitokana na jaribio la STREAM la mwaka 2013, ambamo dozi ya wazee ilikatwa katikati ya utafiti kwa sababu ya kuvuja damu kichwani. Uzito ukikisiwa vibaya kwa mgonjwa ambaye hawezi kusimama, dozi nayo inapotoka. Waulizeni ndugu uzito wake wa mara ya mwisho kliniki, na watu wawili wakisie kila mmoja peke yake kabla ya kukubaliana.

Unga wa dawa uchanganywe kwa maji yaliyomo ndani ya kisanduku, kichupa kizungushwe taratibu bila kutikiswa ili pasitokee povu. Njia ya mshipa iliyokuwa na dripu ya glukosi isafishwe kwanza kwa chumvi ya kawaida, kabla na baada, kwa sababu dawa hii ikikutana na glukosi huganda na kufanya chembechembe.

Jambo linalonipa wasiwasi zaidi ni kuchanganya dawa za ukoo mmoja. Alteplazi, ndugu wa tenekteplazi, kwa mshtuko wa moyo hutolewa kwa dakika 90: miligramu 15 kwa mkupuo, kisha 0.75 kwa kila kilo kwa nusu saa isiyozidi 50, kisha 0.5 kwa kila kilo kwa saa nzima isiyozidi 35, jumla isiyozidi 100. Mtu akiandika TNK (kifupi cha tenekteplazi) na mwingine akasoma tPA (kifupi cha alteplazi), au kinyume chake, mgonjwa anaweza kupata dozi maradufu, na makosa ya namna hiyo yameripotiwa nchi za nje zenye vifaa kuliko sisi. Tena tenekteplazi siku hizi hutumika pia kwa kiharusi, na dozi yake huko ni miligramu 0.25 kwa kilo, isiyozidi 25, yaani karibu nusu ya ile ya moyo. Kwa hiyo andikeni jina zima la dawa, andikeni ugonjwa unaotibiwa, na watu wawili wasome kwa sauti kabla ya kusukuma. Vifupisho vipigwe marufuku katika cheti cha dawa hizi.

Wenye streptokinazi wasiione kuwa haina thamani. Hutolewa uniti milioni 1.5 kwa dripu ya dakika 30 hadi 60. Inaweza kushusha shinikizo la damu ghafla. Hapo dripu ipunguzwe mwendo au isimamishwe kwa muda, mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Inaweza kuleta mzio, hivyo adrenalini iwe karibu. Na kwa kuwa hutokana na bakteria, mwili huitengenezea kinga, kwa hiyo aliyewahi kuipata asipewe tena maishani, na jambo hilo liandikwe kwenye kadi yake kwa wino usiofutika. Jaribio la GUSTO la mwaka 1993, lenye wagonjwa 41,021, lilionyesha kwamba alteplazi ilipunguza vifo kidogo kuliko streptokinazi, asilimia 6.3 dhidi ya 7.2 hadi 7.4, lakini kuvuja damu ubongoni kulikuwa chini kidogo kwa streptokinazi. Kama ndiyo pekee iliyopo, itoeni.

Jibu: Daktari wa Nyanda za Juu

Nashukuru kwa maelezo, lakini naomba nitofautiane kidogo. Yote haya ni rahisi kuyasema ukiwa mahali penye bingwa. Mimi nikimpa mgonjwa dawa akafa kwa kuvuja damu, ndugu wataniuliza mimi, uongozi utaniuliza mimi, na hakuna atakayetaja Italia wala mwaka 1986. Nisipompa akafa, itasemwa ni mapenzi ya Mungu. Kwa nini nisimwachie bingwa uamuzi huo?

Jibu: Bingwa wa Moyo, Dar es Salaam

Daktari mwenzangu, hoja yako ni ya kweli na wala siipuuzi. Lakini uzito huo usibebwe na daktari mmoja wa zamu. Hospitali itengeneze mwongozo wake wa ukurasa mmoja, uliosainiwa na mganga mfawidhi, wenye orodha ya maswali ya vizuizi, jedwali la dozi kwa uzito, na nafasi ya kuandika saa ya kila hatua. Anayeufuata analindwa na hospitali nzima. Mgonjwa na ndugu waelezwe kabla, kwa lugha nyepesi: kuna donge la damu limeziba mshipa wa moyo, dawa hii inaweza kulifungua na kumwokoa, katika watu mia moja mmoja hivi anaweza kuvuja damu kichwani, na bila dawa hatari ya kufa ni kubwa zaidi. Maelezo hayo yasichukue zaidi ya dakika mbili, na aliyeyatoa aandike jina lake. Nimeona familia zikikubali bila kusita zinapoambiwa ukweli wote, na nimeona hasira kali pale zinapokuja kujua baadaye kwamba dawa ilikuwepo na hawakuambiwa.

Kuhusu kumwachia bingwa: jimbo la Tamil Nadu nchini India liliunganisha hospitali ndogo na kubwa, zile ndogo zikatoa dawa ya kuyeyusha damu na kuwasafirisha wagonjwa kwenda kwenye mtambo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha vifo vya mwaka mzima vikishuka kutoka asilimia 17.6 hadi 14.2. Waliosukuma sindano wengi hawakuwa mabingwa wa moyo. Bingwa alikuwa upande wa pili wa simu.

Nyongeza: Tabibu wa Kusini

Nawashukuru nyote. Tumekaa na wauguzi na mfamasia wetu, na mwongozo wa ukurasa mmoja tumeanza kuuandika. Yamebaki mambo mawili. Kwanza, ni dawa gani ziandamane na tenekteplazi, na kwa kiasi gani kwa mzee? Pili, nitajuaje kwamba mshipa umefunguka, na je, aliyepona maumivu bado asafirishwe?

Jibu: Bingwa wa Moyo, Dar es Salaam

Aspirini ya miligramu 150 hadi 300 aitafune mara moja, kama hajaipata. Klopidogreli ni miligramu 300, ila kwa aliyezidi miaka 75 ni 75 tu. Enoksaparini, ambayo ni aina ya heparini, kwa walio chini ya miaka 75 huanza na miligramu 30 za mshipa, kisha miligramu 1 kwa kila kilo chini ya ngozi kila saa 12, na sindano mbili za kwanza za ngozi kila moja isizidi miligramu 100. Mwenye miaka 75 na zaidi hapewi ile ya mshipa, na ya ngozi ni 0.75 kwa kilo, mbili za kwanza zisizidi 75 kila moja. Figo zikiwa dhaifu sana, sindano ya ngozi iwe mara moja kwa siku. Heparini na enoksaparini zisitolewe pamoja. Kosa hilo hutokea mgonjwa anapohamishwa wodi, mmoja akianzisha hii na mwingine ile, na huongeza hatari ya kuvuja damu.

ECG irudiwe kati ya dakika 60 na 90 baada ya dawa, mkiangalia lidi ile ambayo ST ilikuwa imepanda zaidi. Ikishuka kwa zaidi ya nusu na maumivu yakapungua, mshipa una dalili ya kufunguka. Isiposhuka kiasi hicho, au mgonjwa akizidiwa, dawa imeshindwa, na huyo ni wa dharura kuliko wote: asirudiwe dozi, apelekwe kwenye mtambo kwa njia ya haraka mnayoweza kuipata, hata kama ni ndege.

Na aliyepona maumivu asafirishwe pia. Donge limeyeyuka lakini ukuta wa mshipa uliochanika bado upo pale, na unaweza kuziba tena. Inapendekezwa mishipa yake ichunguzwe kati ya saa 2 na 24 baada ya dawa. Kwa umbali wenu jambo hilo ni gumu, lakini lisifanywe kisingizio cha kumruhusu arudi nyumbani na vidonge. Msiisubiri ECG ya pili ndipo mwanze kutafuta gari. Rufaa ianze pale pale dawa inapoingia. Ndani ya gari aende na muuguzi anayeweza kutumia mashine ya kushtua moyo, oksijeni ikiwa kiwango cha mgonjwa kiko chini ya asilimia 90, na vipimo vya fahamu alivyoeleza Sista wa Mombasa viendelee njiani kama kitandani. Kama safari itavuka muda wa sindano ya pili ya enoksaparini, muuguzi aibebe na aambiwe saa ya kuichoma.

Barua ya rufaa iandikwe saa maumivu yalipoanza, saa ya ECG ya kwanza, jina zima la dawa, dozi na uzito uliotumika, saa ilipoingia, na nakala za ECG zote mbili zibanwe nyuma yake. Picha ya barua hiyo itumwe kwa simu kwa daktari anayempokea kabla gari halijatoka getini, kwa sababu yeye ndiye atakayeamua kama chumba cha mtambo kiandaliwe usiku huo huo.